Kupima nafasi tupu katika aloi ya alumini na shaba kwa positroni

Aloi ya alumini yenye asilimia 4 ya shaba, ikichomwa kwenye tanuri na kutumbukizwa ghafla majini, hutoka laini. Ikiachwa mezani inaanza kukaza yenyewe. Alfred Wilm aliligundua jambo hilo Ujerumani mwaka 1906 kwa aloi iliyokuwa na magnesiamu pia, lakini ilichukua miongo kadhaa kueleza sababu. Shaba hujikusanya vijisahani vidogo mno ndani ya alumini, na kwa joto la chumbani haiwezi kusogea bila nafasi tupu, yaani mahali kwenye fuwele ambapo atomi ilipaswa kuwepo na haipo. Nafasi tupu moja moja hazionekani vizuri kwa darubini ya elektroni. Positroni, yaani chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, huzipata, hata zikiwa moja kati ya atomi milioni.

Sababu ni chaji. Positroni ni chanya, na viini vya atomi ni chanya, hivyo positroni husukumwa mbali na kila kiini. Palipokosekana kiini ndipo inapopata utulivu, na hunaswa hapo. Elektroni pia ni chache mahali hapo, kwa hiyo positroni huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kukutana na elektroni na kuangamizana nayo. Muda huo, yaani umri wa positroni, ndio tunaoupima, kwa pikosekunde (ps).

Mwongozo huu unafuata aloi hiyo hiyo ya Al-4Cu kuanzia tanurini hadi kwenye namba ya mwisho. Sehemu za chanzo na sampuli ni ndefu kuliko sehemu ya mitambo kwa makusudi: kipimo hiki huharibika mara nyingi zaidi kabla mashine haijawashwa.

Chanzo

Tumia sodiamu-22. Nusumaisha yake ni miaka 2.6, asilimia 90 ya viini vyake vinavyooza hutoa positroni, na ndani ya pikosekunde chache hufuatia miale ya gama ya keV 1275. Gama hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Positroni yenyewe hupoteza nishati yake ndani ya pikosekunde chache, hutangatanga takriban nanomita 100, kisha hufa na kutoa gama mbili za keV 511 zinazokwenda pande mbili kinyume. Muda kati ya 1275 na 511 ni umri wa positroni hiyo moja.

Kwa maabara ya kawaida, chanzo cha MBq 0.5 hadi 1 kinatosha. Chanzo chenye nguvu kubwa kuliko hapo hukuharakishia kazi, lakini matukio ya kuoza yasiyohusiana huanza kuchanganyika na usuli wa spektra (grafu ya hesabu kwa kila muda) hupanda. Matone ya maji yenye chumvi ya sodiamu-22 hudondoshwa kwenye foili ya Kapton (plastiki inayostahimili joto) ya unene wa mikromita 7.5, hukaushwa kwa taa ya joto hadi doa liwe la milimita 2 hadi 3, kisha foili ya pili ya aina ileile hulifunika na kingo hugundishwa kwa gundi ya epoksi. Wengi hununua chanzo kilichokwisha kufungwa, na kwa maabara mpya hilo ndilo jambo la busara. Kumiliki chanzo hiki kunahitaji kibali: Tanzania kupitia Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), Kenya kupitia mamlaka ya udhibiti wa nyuklia (KNRA). Gama ya keV 1275 hupenya sana, hivyo kihifadhi kiwe cha risasi yenye unene wa sentimita kadhaa. Pangusa nje ya foili kwa kitambaa mara kwa mara na upime kitambaa hicho, kwa sababu Kapton huchakaa kwa mnururisho na doa la chumvi linaweza kuvuja. Usikikwangue chanzo, usikiguse kwa vidole, na usikibane kati ya sampuli zenye kingo kali.

Positroni kadhaa hufia ndani ya Kapton yenyewe, zikiwa na umri wa takriban ps 382. Sehemu yake huwa kati ya asilimia 8 na 15, kutegemea unene wa foili na uzito wa atomi za sampuli, kwa kuwa metali nzito hurudisha positroni nyingi nyuma kuelekea kwenye foili. Kwa hiyo masahihisho uliyoyapata kwa chuma huwezi kuyatumia kwa alumini. Kuna pia mkia mdogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1, wenye umri wa nanosekunde moja au mbili, unaotokana na positroniamu (positroni na elektroni zilizoshikana kwa muda) kwenye mianya kati ya foili na sampuli.

Pima masahihisho hayo hivi. Chukua vipande viwili vya alumini ya usafi wa 99.999%, vichome kwa takriban 450 °C kwa saa mbili na uviache vipoe polepole tanurini. Alumini hiyo inapaswa kuwa na umri mmoja tu, takriban ps 163. Weka chanzo katikati, kusanya hesabu milioni kadhaa, kisha tafuta uwiano wa Kapton na mkia unaoiacha sampuli na umri mmoja safi. Uwiano huo uufunge na uutumie kwa aloi zote za alumini zitakazofuata. Usiuache huru ujirekebishe kwa kila sampuli. Programu itakuchagulia uwiano unaopendeza hesabu zake, na sehemu ya kasoro za sampuli itamezwa na Kapton. Kosa la asilimia 2 tu hapa husogeza umri wa wastani kwa takriban ps 4 hadi 5, na tofauti nyingi tunazozitafuta kwenye aloi si kubwa zaidi ya hapo.

Sampuli

Unahitaji vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja milimita 10 kwa 10 na unene wa milimita 1, chanzo kikiwa katikati. Positroni za sodiamu-22, ambazo nishati yake ya juu ni keV 546, huingia wastani wa takriban milimita 0.1 ndani ya alumini na takriban milimita 0.03 ndani ya chuma. Milimita 1 ya alumini huzizuia takriban zote. Kwa chuma au shaba milimita 0.3 hadi 0.5 inatosha. Kipande kikiwa chembamba mno, zinazopita hufia kwenye kishikizi, nawe utapima kishikizi bila kujua.

Kina hicho hicho ndicho kinachofanya uso wa sampuli kuwa jambo zito. Msumeno na msasa huacha tabaka lililojaa dislokesheni (mistari ya kasoro kwenye fuwele) na nafasi tupu, na positroni nyingi hukomea humo humo. Kata kwa cheche za umeme au kwa msumeno wa mwendo wa polepole wenye maji, ng'arisha kwa msasa unaozidi kuwa laini, kisha ondoa angalau milimita 0.1 kila upande kwa kemikali. Kwa alumini, myeyusho wa sodiamu haidroksaidi wa asilimia 10 kwa takriban 60 °C hufanya kazi hiyo vizuri. Aloi yenye shaba itatoka na ukoko mweusi: ni shaba iliyobaki juu wakati alumini inaliwa. Uondoe kwa kuichovya sampuli kwenye asidi ya naitriki, kisha suuza kwa maji safi na kwa alkoholi. Ukiuacha, kipimo cha Doppler (cha upana wa mstari wa gama, kinachoelezwa mwishoni) kitakuambia shaba iko kila mahali. Fanya kazi hii kwenye kabati la kufyonza moshi, na ikamilike kabla ya kuchoma na kupoza, la sivyo utaikomaza sampuli, yaani utaifanya shaba ianze kujikusanya, kwa joto la myeyusho wako mwenyewe.

Sasa tanuri. Choma kwa 520 hadi 530 °C kwa saa moja. Usivuke 540 °C, kwa kuwa mchanganyiko wa alumini na shaba huanza kuyeyuka kwenye 548 °C na kipimajoto cha tanuri nyingi hakiaminiki kwa digrii chache. Kipimajoto kikae karibu na sampuli, si ukutani. Kwenye joto hilo shaba yote huwa imesambaa ndani ya alumini ingali yabisi, na nafasi tupu hufika kiwango cha takriban 10⁻⁴ kwa kila atomi. Tumbukiza moja kwa moja kwenye maji yenye barafu. Kati ya tanuri na maji isizidi sekunde moja au mbili. Ukichelewa, nafasi tupu nyingi zitakuwa zimeshakimbilia kwenye mipaka ya chembe, na utatafuta sababu kwenye mitambo wakati sababu ilikuwa mkononi mwako.

Baada ya hapo saa inatembea. Kwa joto la chumbani nafasi tupu ndani ya alumini zinatembea, na shaba huanza kujikusanya ndani ya dakika. Kipimo cha saa tatu mezani ni wastani wa vitu vingi vinavyobadilika. Kama unataka hali ya mara tu baada ya kupoza, ihamishe sampuli haraka kwenye naitrojeni ya kimiminika na uipime ndani ya kipoza, chini ya -50 °C. Jihadhari na unyevu. Sampuli baridi ikiguswa na hewa ya pwani hupata umande papo hapo, na maji kati ya sampuli na foili hutoa positroniamu yenye umri wa takriban ns 1.8. Mkia uliopanda ghafla kutoka asilimia 0.5 hadi 2 ni maji, si kasoro mpya ya kusisimua. Kausha, funga upya, anza tena.

Alumini safi hutofautiana na aloi hapa. Ukiipoza ghafla alumini safi na kuiacha mezani, nafasi zake tupu hutoweka au huungana. Ndani ya Al-4Cu nyingi huishia kando ya atomi za shaba, ndiyo maana bado unazipima saa nyingi baadaye.

Vigunduzi na saa

Kuna njia mbili za kawaida. Sintileta (vitu vinavyotoa mwanga vikipigwa na gama) za plastiki ni za bei nafuu na ni za kasi, lakini hazioneshi kilele kamili cha gama. Gama ya 1275 huanzisha saa, na ya 511 huisimamisha. Dirisha la kuanza linawekwa chini ya ukingo wa Compton (nishati ya juu ambayo gama inaweza kumpa elektroni kwa kugongana) wa keV 1062 na la kusimamisha chini ya ukingo wa keV 341. Sintileta za BaF₂ hutoa nuru ya haraka kwenye urujuanimno wa mbali, kwa hiyo fotomaltiplaya (kikuza nuru kinachoigeuza kuwa pigo la umeme) lazima iwe na dirisha la kwatsi, na upambanuzi (ukungu wa muda wa mashine) wa ps 160 hadi 220 unafikika. Kwa plastiki tarajia takriban ps 200 hadi 250. Mapigo hupitia diskriminata za CFD zinazoweka alama ya muda, kisha TAC (kigeuzi cha muda kuwa kimo cha pigo) yenye masafa ya ns 50, kisha MCA (kihesabu cha chaneli nyingi) yenye chaneli za ps 12 hadi 25. Wanaoanza leo hufanya vyema kununua kinasa cha kidijitali cha sampuli bilioni kadhaa kwa sekunde na kuchambua mapigo kwa programu. Moduli zinapungua, na pigo bovu unaweza kulitupa baadaye.

Usiviweke vigunduzi viwili vikitazamana uso kwa uso na sampuli katikati kabisa. Gama mbili za 511 huenda pande tofauti, hivyo mara kwa mara moja huingia kwenye kigunduzi cha kusimamisha na ndugu yake hujijumlisha na 1275 kwenye kigunduzi cha kuanza, na muda hupotoshwa. Viweke kwa nyuzi 90, au sogeza sampuli nje ya mstari, na uweke kipande cha risasi kati yao ili gama iliyoruka kutoka kigunduzi kimoja isiingie kingine. Uvimbe mdogo upande mmoja wa kilele cha spektra, usiobadilika hata ukibadilisha sampuli, kwa kawaida ni miruko hiyo.

Chumba kiwe na joto lisilobadilika kwa zaidi ya digrii moja. Hifadhi spektra mpya kila saa, linganisha mahali pa muda sifuri, na ujumlishe zile tu zilizokaa sawa. Umeme ukikatika na volti ya juu ikazimika, fotomaltiplaya huhitaji saa nyingi kutulia tena. Kifaa cha kuhifadhi umeme si anasa hapa.

Kuhesabu

Kwa chanzo cha MBq 1 na mpangilio mzuri utapata takriban matukio 100 kwa sekunde, hivyo milioni moja huchukua karibu saa tatu. Milioni moja ndicho kiwango cha chini; kwa kutenganisha umri mbili, lenga milioni 3 hadi 5. Programu kama LT au PALSfit hulinganisha spektra na jumla ya mikia ya kielelezo iliyochanganywa na upambanuzi wa mashine.

Kwanza pima alumini safi na uiachie programu itafute upambanuzi, kisha uufunge. Kwa aloi, anza na umri mmoja. Ikiwa khi-mraba (kipimo cha jinsi mkunjo unavyolingana na data) iko kati ya 0.9 na 1.1, simama hapo. Ongeza umri wa pili endapo tu wa kwanza umeshindwa waziwazi. Umri wa tatu kwenye metali ni jambo la kushuku, na umri mbili zinazokaribiana kwa uwiano wa chini ya 1.4 hazitenganishiki hata kwa hesabu nyingi.

Mfano. Kipande kimepoteza nafasi tupu nyingi na kimetoa τ₁ = ps 133 kwa asilimia 60, na τ₂ = ps 245 kwa asilimia 40. Ps 245 ni umri ndani ya nafasi tupu moja ya alumini. Kasi ya kunaswa ni

κ = (I₂/I₁) × (1/τb − 1/τd)

I₁ na I₂ ni hizo asilimia mbili, τb ni umri ndani ya alumini isiyo na kasoro na τd ni umri ndani ya nafasi tupu. Kwa τb = ps 163 na τd = ps 245, mabano ni 6.135 − 4.082 = 2.053 kwa nanosekunde. Zidisha kwa 40/60: κ = 1.37 × 10⁹ kwa sekunde. Gawanya kwa takriban 2.5 × 10¹⁴, mgawo wa kunaswa kwa nafasi tupu moja ya alumini, upate takriban 5.5 × 10⁻⁶ kwa kila atomi, yaani tano au sita kati ya kila milioni.

Usiishie hapo. Kielelezo hiki kina jaribio lake lenyewe: I₁/τ₁ + I₂/τ₂ lazima iwe sawa na 1/τb. Hapa 0.60/0.1333 + 0.40/0.245 = 6.13, inayolingana na 6.135. Namba hizo mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, ama Kapton imesahihishwa vibaya, ama kuna aina mbili za mitego, nawe huna haki ya kutoa namba ya mkusanyiko. Angalia pia kwamba τ₁ ni fupi kuliko umri wa alumini safi. Hiyo si hitilafu: zilizobaki huru ni zile zilizokufa mapema kabla ya kunaswa.

Mara tu baada ya kupoza, mkusanyiko ukiwa 10⁻⁴, κ hufika 2.5 × 10¹⁰ na τ₁ hushuka hadi takriban ps 32, chini mno ya upambanuzi wa mashine. Karibu kila positroni imenaswa. Hapo toa umri wa wastani na aina ya mtego, acha mkusanyiko. Chini ya 10⁻⁷, upande wa pili, positroni nyingi hufa kabla ya kukutana na mtego wowote.

Nani anaizunguka nafasi tupu

Umri hukuambia ukubwa wa shimo, lakini hauwezi kukuambia jirani yake ni alumini au shaba. Hilo hupatikana kwa upana wa mstari wa keV 511. Elektroni iliyokuwa na mwendo huisogeza nishati ya gama kwa ΔE = cp/2, na elektroni za ndani za shaba zina mwendo mkubwa kuliko zile za alumini. Unahitaji kigunduzi cha germaniamu kilichopozwa, chenye upambanuzi wa takriban keV 1.2 kwenye eneo hilo. S ni sehemu ya matukio yaliyo katikati ya mstari (chagua upana unaoipa alumini safi takriban 0.5), na W ni sehemu ya mikia, tuseme keV 2.5 hadi 4 kutoka katikati. Chagua mipaka mara moja na usiibadilishe. Thamani za S za maabara mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Igawe kila moja kwa S ya alumini safi iliyopimwa siku hiyo hiyo.

Chora W dhidi ya S kwa kila hatua ya kukomaa. Alama zikikaa kwenye mstari mmoja kati ya alumini safi na hali nyingine, mtego ni wa aina moja na kinachobadilika ni idadi yake. Zikipinda, mtego umebadilika. Kwenye Al-4Cu, kadiri shaba inavyokusanyika kwenye vijisahani ambavyo Guinier na Preston walivionesha kwa miale ya eksirei mwaka 1938, W hupanda na umri hushuka chini ya ps 245, kwa kuwa shaba hujaza elektroni pembeni mwa shimo. Ukikomaza kwa takriban 180 °C kwa saa nyingi, mipaka isiyolingana kati ya chembe mpya na alumini nayo huanza kunasa positroni, na kuitafsiri alama hiyo kama nafasi tupu ni kosa.

Kwa uhakika zaidi tumia vigunduzi viwili vya germaniamu vinavyotazamana na uhesabu gama zote mbili za tukio moja. Usuli hushuka mno na mikia ya mbali huonekana. Gawanya mkunjo wa aloi kwa ule wa alumini safi; shaba hujitokeza kama mwinuko mpana kuanzia mwendo wa takriban 10 × 10⁻³ m₀c (m₀ ni masi ya elektroni, c ni kasi ya nuru). Pima pia shaba safi kwa mpangilio huo huo, kwani urefu wa mwinuko wa aloi ukilinganishwa na wa shaba safi ndio utakaokupa makadirio ya sehemu ya majirani walio shaba. Zinki hutoa umbo linalofanana, hivyo kwenye aloi zenye zinki na shaba pamoja, Doppler peke yake haitakata shauri. Magnesiamu na silikoni hazitofautiani sana na alumini kwa njia hii. Kwa aloi hizo rudi kwenye umri.